Aliye Nyuma ya Trela Ndiye Anayeona

Mimi ni mlei, nina mke na watoto watatu, na ninafundisha lugha katika seminari. Kila mwaka wa masomo mafrateri huniuliza swali lilelile: ni kitu gani hasa huwagombanisha wanandoa? Wanatarajia niseme fedha, au wakwe, au ulevi. Mwaka huu niliwajibu kwamba ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao na mke wangu ulihusu kurudisha trela nyuma. Walicheka sana. Sikuwaeleza zaidi kwa sababu kengele ililia, basi ninaandika hapa kile ambacho ningewaambia, kwa ajili yao na kwa yeyote atakayeketi siku moja mbele ya wachumba wawili akiwafundisha namna ya kuishi pamoja.

Tuliishi miaka sita Michigan, Marekani. Mke wangu alikuwa muuguzi, mimi nilikuwa masomoni. Huko majira ya joto yana mipaka inayojulikana na kila mtu: yanafunguliwa na sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, Jumatatu ya mwisho ya mwezi Mei, na yanafungwa na sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kati ya siku hizo mbili, familia nyingi hufunga trela nyuma ya pikapu na kwenda kulala msituni au kando ya ziwa. Trela lenyewe ni nyumba ndogo yenye magurudumu. Lina vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, na meza ambayo usiku hugeuzwa kitanda. Mengi yana urefu wa kati ya mita sita na tisa, na yapo marefu zaidi. Sehemu kubwa ya magari ya namna hii hutengenezwa Elkhart, katika jimbo la Indiana, karibu kabisa na mpaka wa Michigan, na mji huo una hata jumba la makumbusho yake. La kwetu lilikuwa la mitumba, mita saba na kidogo. Mzee aliyetuuzia alitupa ushauri mmoja tu: tufanye mazoezi kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari kabla hatujaenda popote.

Hatukufanya.

Naomba msomaji ambaye hajaona kambi hizi anifuate kidogo. Kuna barabara nyembamba inayozunguka katikati ya miti, na pembeni mwake kuna nafasi zenye namba, moja kwa kila familia. Nafasi ina meza ya mbao yenye mabenchi, duara la chuma la kuwashia moto, na mara nyingi nguzo fupi yenye soketi za umeme. Ziko kambi zenye nafasi za kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, lakini kwenye kambi nyingi za umma, hasa za zamani, huna njia nyingine: unapita mbele ya nafasi yako, unasimama, halafu unaanza kurudi nyuma kuelekea katikati ya miti. Kwa kawaida unafika jioni, umeendesha saa nne au tano, watoto wana njaa na mwanga unaondoka.

Na watu wanakutazama. Hili lilinishangaza kuliko yote. Waliofika mapema wameshaketi kwenye viti vyao vya kukunja, vinywaji mkononi, na mgeni anayerudisha trela ndiyo burudani yao ya jioni. Jambo hili limekuwa utani wa taifa zima. Yanauzwa mafulana na mazulia ya mlangoni yenye maneno ya kuomba radhi kwa yale mtu aliyoyasema wakati wa kuegesha trela. Hata sinema wameitengenezea: mwaka 1954 Lucille Ball na Desi Arnaz, waliokuwa mume na mke kweli, waliigiza maharusi wanaosafiri na trela refu kupita kiasi, na mojawapo ya vituko vyake ni bwana harusi kurudisha trela hilo nyumbani kwa ndugu za mkewe na kuharibu kila kitu njiani. Nimeitazama. Inachekesha kweli. Lakini baada ya jioni ninayotaka kuisimulia, sikuweza tena kucheka kwa moyo wote.

Ugumu wa kurudisha trela ni kwamba mikono inapaswa kusahau ilichojifunza. Ukikata usukani kulia, mkia wa trela unakwenda kushoto. Ukikata kushoto, unakwenda kulia. Wenye uzoefu hukushauri ushike usukani kwa chini kabisa, mahali palipo na namba sita kwenye saa ya ukutani, kisha upeleke mkono upande ule unaotaka mkia wa trela uende. Ukate kidogo, usubiri trela lijibu, kisha unyooshe. Ukikata sana, gari na trela vinajikunja kama kisu, na hapo dawa ni moja tu: kusonga mbele, kunyoosha, na kuanza tena. Trela fupi ndilo korofi zaidi, maana linajibu haraka kabla hujajua umelitendea nini. Aidha, kwa kuwa Marekani dereva anakaa kushoto, nafasi iliyoko kushoto ina unafuu kwa sababu unaona mkia wa trela ukiingia. Iliyoko kulia unaingia karibu kama kipofu. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu, havionyeshi kilicho nyuma kabisa.

Nafasi yetu ilikuwa kulia.

Ilikuwa kambi moja kwenye mwambao wa Ziwa Michigan, mwezi Julai, kama saa tatu usiku kasoro, maana huko jua la Julai huchelewa kuzama. Mke wangu alishuka akaenda kusimama nyuma, upande wa kulia, ambako sikumwona kwenye kioo. Akasema, "Kushoto!" Nikakata kushoto. Trela likaenda kulia, kwenye nguzo ya umeme. "Baba, nimesema kushoto!" Nami nikajibu kwa sauti ya juu kuliko yake, "Nimekata kushoto!" Tulikuwa wakweli wote wawili. Yeye alizungumzia mkia wa trela, mimi nilizungumzia usukani, na hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenzake kabla ya kuanza: kushoto kwa nani? Kushoto kwa kitu gani?

Nikasonga mbele, nikajaribu tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaona viti viwili vimegeuzwa kututazama, na shingo yangu ilikuwa inawaka moto. Ndipo nikasikia, "Simama!"

Nikatoa kichwa dirishani nikauliza, "Kwa nini?" Na gari lilikuwa bado linarudi.

Sijui ilikuwa mita moja au nusu. Nilisikia chuma kikisagika, nikakanyaga breki. Nilipofika nyuma nilikuta baiskeli ya mtoto imelala chini ya gurudumu la trela, na mke wangu yuko kwenye majani, amemkumbatia msichana wa miaka kama saba ambaye alikuwa amemvuta kwa koti. Mtoto alikuwa ametokea katikati ya miti, nafasi ya jirani, akakatiza nyuma yetu kama watoto wote wanavyokatiza kambini. Hakuumia. Alikuwa analia kwa ajili ya baiskeli. Baba yake alikuja, akamtazama mtoto mikono na miguu, akaichomoa baiskeli bila kusema neno. Kesho yake nilimnunulia nyingine. Usiku ule mimi na mke wangu hatukuzungumza. Yeye alikaa na mama wa yule mtoto hadi saa sita, mimi nililala macho nikitazama dari.

Nimeifikiria "kwa nini" ile kwa miaka mingi sasa. Swali lenyewe halikuwa baya. Mke ana haki ya kuulizwa na mume ana haki ya kujua. Ubaya ni kwamba niliuliza huku gari likitembea. Kama ningesimama kwanza, ningeweza kuuliza hata mara mia.

Watu wanaozungumzia mambo haya kwa kawaida husema tatizo ni mawasiliano. Wanandoa hununua redio za mkononi, au hupigiana simu huku mmoja yuko kwenye usukani, na hiyo inasaidia kupunguza makelele. Sikatai. Ila mimi siamini kwamba jioni ile tulipungukiwa na mawasiliano. Neno "simama" nililisikia vizuri sana, kwa Kiswahili fasaha, kutoka kwa mtu ninayeijua sauti yake kuliko sauti yoyote duniani. Nilichokosa ni kukubali kwamba yeye anaona nisichokiona. Kwangu mimi "simama" yake ilikuwa hukumu juu ya uendeshaji wangu, ya nne au ya tano jioni ile, mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Nilitaka ithibitishwe kwanza.

Sasa nifananishe na kwetu, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa. Nimejifunzia gari Morogoro, kwenye barabara ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na kwingineko. Tangu utoto nimeona dereva wa semitrela akirudi nyuma kwenye kituo cha mafuta au ghalani. Dereva huyo ni mtu mzima, ana uzoefu wa miaka ishirini, ana kitambi na heshima zake. Nyuma anasimama utingo, kijana ambaye pengine hata leseni hana, anapokea sehemu ndogo sana ya anachopokea dereva, na usiku analala chini ya gari. Utingo akipiga bodi kwa kiganja, pa!, dereva anakanyaga breki papo hapo. Haulizi. Akishasimama ndipo atatoa kichwa na kufoka, "Kuna nini wewe?" Konda wa daladala naye ni vivyo hivyo. Hakuna dereva anayejiona amedhalilishwa na pigo lile la bodi, kwa kuwa kila mmoja anajua nani yuko mahali pa kuona.

Basi nilijiuliza kwenye kitanda kile cha trela: ikiwa dereva wa lori anamtii kijana wa miaka kumi na tisa asiyemjua vizuri, mimi nilishindwaje kumtii mke wangu wa miaka kumi na mmoja ya ndoa? Jibu sikulipenda. Dereva wa lori hamwonei utingo wivu wa madaraka. Mimi, bila kukiri, nilikuwa nimebeba ndani yangu ile picha kwamba anayeshika usukani ndiye kichwa, na kichwa hakiambiwi.

Hapa nawageukia mafrateri. Katika semina za wachumba nilizohudhuria, Waefeso 5 husomwa karibu kila mara, na karibu kila mara husomwa kuanzia mstari wa 22, ule wa wake na waume zao. Mstari wa 21, unaowataka wote watiiane, huachwa nje kana kwamba ulikuwa wa sura nyingine. Mimi si mtaalamu wa Maandiko, na nitasahihishwa na walio wataalamu. Lakini namjua mume anayefundishwa mstari wa 22 peke yake: nimekuwa yeye, kwenye kiti cha dereva, na baiskeli chini ya gurudumu. Papa Fransisko katika *Amoris Laetitia*, mwaka 2016, aliwakumbusha wanandoa maneno matatu ya nyumbani: kuomba ruhusa, kushukuru na kuomba radhi. Mimi ningewafundisha wachumba neno la nne, "simama", ambalo yeyote kati yao anaweza kulisema na mwenzake analitii kwanza ndipo aulize.

Haki itendeke pande zote. Mke wangu mwenyewe husema kwamba naye alikosea, na nakubaliana naye, ingawa kosa lake na langu havilingani uzito. Alisimama mahali ambapo sikumwona. Kanuni ya kwanza ya anayeongoza trela ni kwamba kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, dereva hakuoni wewe, na dereva naye akikukosa kwenye kioo anapaswa kusimama mpaka akuone tena. Pia alikuwa anaeleza nilichokosea badala ya kusema trela liende wapi. "Umeharibu tena" haimsaidii mtu kukata usukani. "Mkia uende kwenye meza" humsaidia. Na kabla ya yote tulipaswa kushuka wote wawili, tukaitembelea nafasi ile kwa miguu, tukaangalia bomba la maji liko wapi, kisiki kiko wapi, matawi yananing'inia kiasi gani, na watoto wa jirani wanachezea wapi. Ni kazi ya dakika tatu. Tuliona aibu kusimamisha gari barabarani dakika tatu, tukaishia kulifunga njia nusu saa.

Rafiki yangu mmoja, aliposoma rasimu ya makala hii, aliniambia mambo haya yamepitwa na wakati kwa sababu magari sasa yana kamera, na mengine yanajirudisha karibu yenyewe. Ni kweli. Ford walileta kwenye pikapu yao ya F-150 ya mwaka 2016 kitufe cha duara unachozungusha kuelekea unakotaka trela liende, na gari linakata usukani lenyewe. Ningekuwa nacho kingeniokolea fadhaa nyingi. Lakini kitufe kile kinajua kukata usukani tu. Hakijui kwamba kuna mtoto anakuja mbio kutoka katikati ya miti. Kamera ya nyuma nayo inaonyesha kilicho mbele ya jicho lake, haionyeshi tawi lililo juu ya paa wala anayekatiza kutoka ubavuni sekunde moja kabla hajaingia kwenye picha. Ninavyoona mimi, hatari ya vifaa hivi ni kumfanya dereva azidi kuamini kwamba hamhitaji mtu nyuma.

Na wale wa kwenye viti? Nina kinyongo nao kidogo, nakiri. Mmoja wao alikuwa karibu na yule mtoto kuliko mke wangu. Ukiwa umeshaegesha na ukaona wenzako wanahangaika, wazuie watoto wako na wa jirani, kisha uwaulize wageni mara moja tu kama wanahitaji msaada. Wakikataa, nyamaza. Usianze kupunga mikono upande wako huku mke wa mtu anapunga upande wake, maana manahodha wengi chombo huenda mrama, na dereva aliyechoka atamfuata mwenye sauti kubwa badala ya anayeona.

Kiangazi kilichofuata tulirudi kwenye ushauri wa yule mzee. Jumamosi mbili mfululizo tulikwenda kwenye maegesho ya parokia yetu, wakati hakuna Misa, tukapanga ndoo za plastiki kuwa miti na nguzo, na kurudisha trela mpaka majirani wakazoea. Tulikubaliana kwamba "kushoto" na "kulia" hayatatumika tena. Ni "upande wako" na "upande wa pili", na maana yake ni mkia wa trela. Mikono miwili juu ni kusimama. Kisha tukabadilishana, yeye akashika usukani na mimi nikasimama nyuma. Ndoo nilizozikanyaga mimi zilikuwa saba, yeye mbili. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akirudisha, na mimi nikawa utingo. Wazee wawili kambini waliwahi kunitania kwa hilo, wakidhani labda siwezi kuendesha. Sikuwaeleza.

Kusimama nyuma kulinifundisha jambo ambalo kiti cha dereva hakikuwahi kunionyesha: ni upweke. Una kitu cha tani tatu kinachokujia, una sauti yako tu, na huna breki.

Safari yetu ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani ilikuwa ziwa lilelile, kambi nyingine. Ilikuwa jioni, mbu wengi, nafasi iko kulia kama ile ya kwanza. Trela lilikuwa limeshaingia nusu nilipoona kitu cheupe kinakimbia chini karibu na gurudumu. Nikanyanyua mikono miwili nikapiga kelele, "Simama!" Breki zikalia papo hapo, nyuma ya trela ikatikisika. Kimya kidogo, halafu kichwa chake kikatokea dirishani.

"Nini?"

Niliinama nikaangalia. "Mfuko wa plastiki."

"Haya, utoe," akasema, akasubiri mpaka nikautoa.